Vera Hakuwa Mtawa

Makambako, Jumapili, 20 Novemba 1994

Mvua bado. Vumbi limeingia hadi kwenye sukari. Nimenunua daftari jipya kwa sababu la zamani limejaa, na kwa sababu wiki hii kuna jambo la kuandika.

Utawani Sista Mlezi alituagiza tuandike kila siku ili tujichunguze mioyo. Utawa niliuacha miaka minne iliyopita nikiwa bado mnovisi, kabla ya nadhiri, lakini kuandika hakukuniacha. Sasa ni fundi cherehani, nakaa barazani kwa mama mdogo Judith, mdogo wake mama yangu, anayeuza vitenge jirani na njia panda ya Njombe. Sokoni wananiita Sista. Mwanzoni walikuwa wananicheka, sasa wamezoea na mimi nimezoea.

Jambo lenyewe ni hili. Mzee Seleman, yule mwenye malori, ana banda la kuonyesha video nyuma ya stendi. Anayeliendesha ni Bashiru, mtoto wa dada yake, aliyekuja kutoka Tabora mwaka juzi. Bashiru huwatafsiria watu kwa kipaza sauti, na ana sauti ambayo hata akitangaza kupotea kwa mbuzi utasimama umsikilize. Ila Kiingereza chake ni cha kubahatisha. Leo baada ya misa amenikuta barazani.

"Dada Emere, wewe ulisoma kwa masista. Kiingereza unakisikia?"

"Nakisikia."

"Basi njoo unisaidie. Mjomba amenunua vitu vya yule mama wa Kizungu aliyekuwa kwenye mradi wa maji, anarudi kwao. Televisheni, deki na boksi la mikanda. Nimefungua boksi, wote wanacheza kwa ncha za vidole. Sielewi kitu."

Jumatano, 23 Novemba

Nimeiona mikanda minne. Yote ni ya baleti na maisha ya wacheza baleti. Sijui niandikeje. Nilikaa kwenye benchi la mbele tangu saa tatu, mchana kutwa, jenereta linanguruma nje, na nilisahau kula.

Ijumaa, 25 Novemba

Nashona sare za shule, lakini miguu yangu chini ya meza inajinyoosha yenyewe.

Jumamosi, 26 Novemba

Onyesho la kwanza. Wanaume walicheka, wakapiga miluzi, mmoja akauliza kama hao wanaume wenye suruali za kubana wamenyimwa chakula. Nusu wakatoka. Waliobaki ni wanawake kumi na mbili, wengi wauza nyanya. Tausi, muuza dagaa, akasema kwa sauti: "Jamani, hawaumii vidole?" Hapo mkanda ukaonyesha mchezaji anavua viatu, damu imegandia kwenye kitambaa. Hakutoka mtu tena.

Jumanne, 29 Novemba

Mvua. Kubwa, ya kwanza. Kila mtu amekimbilia shamba.

Jumamosi, 3 Desemba

Tumepata utaratibu wetu. Asubuhi naangalia mkanda peke yangu na kuandika yanayosemwa. Mchana namsomea Bashiru mara mbili. Hahitaji ya tatu. Halafu anakaa kwenye kiti chake kirefu, anashika kipaza sauti, na maneno yangu yanatoka kinywani mwake yakiwa yamevaa nguo za sikukuu.

Tatizo la baleti ni kwamba haina maneno. Wanacheza dakika kumi bila mtu kufungua kinywa, na wateja wanataka kuambiwa. Kwa hiyo naandika ngoma inasema nini. Hapa anamlilia mama. Hapa anakataa. Bashiru ananiuliza, "Umejuaje?" Namwambia tazama mikono. Amejifunza kutazama mikono.

Jumamosi, 10 Desemba

Mikanda ninavyoipenda, kuanzia wa mwisho.

Wa nne ni wa shule ya wacheza baleti. Watoto wadogo wamesimama wameshika ubao mrefu wa ukutani, mwalimu mzee anahesabu kwa fimbo. Unanikumbusha unovisi: kengele, baridi, kuambiwa shingo juu. Naupenda lakini siuangalii mara kwa mara.

Wa tatu ni wa binti wa mwoka mikate anayedeki sakafu ya jumba la michezo, hadi siku anaruhusiwa kupanda jukwaani. Tausi anaupenda huu kuliko yote. Mimi naona umekuwa rahisi mno.

Wa pili ni wa mume na mke wanaocheza pamoja miaka ishirini na nyumbani hawasemezani.

Wa kwanza ni wa Vera. Baba yake anachimba makaa, mama hayupo. Vera anafika jumba kubwa, anapewa kucheza mbele ya wote. Wiki ya onyesho kifundo cha mguu kinavimba. Anaficha. Anamwambia mtu mmoja tu, rafiki yake wanayelala chumba kimoja, na rafiki anakwenda kumwambia mkuu wa wachezaji, naye anapewa nafasi ya Vera. Vera hakubali, anacheza hivyo hivyo siku ya mazoezi, mguu unavunjika. Kisha ni hospitali. Hapo mkanda unanyamaza kabisa, karibu dakika saba: Vera kitandani, dirisha, theluji, Vera, dirisha. Baadaye anarudi kwao kufundisha watoto wa wachimbaji.

Bashiru aliniuliza kwa nini yule rafiki alisema. Nikamwandikia: "Alisema kwa sababu siri ya mwenzako ukiishika mkononi inakuwa kama mali." Akaisoma, akasema hilo neno zuri, nitaliweka.

Jumamosi, 17 Desemba

Banda limejaa. Bashiru ameniletea chungwa.

Jumatano, 28 Desemba, nyumbani

Nimekuja kwa mama kula Krismasi. Mama yangu Juliana anakaa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mjini Njombe, jirani na misheni. Ukungu umetua hadi saa nne. Mahindi yamefika magotini.

Mama aliniuliza kama kawaida, "Kifua kinaendeleaje?" Nikajibu kama kawaida, "Kimepoa, mama." Mkuu wa shirika alimwandikia barua nilipoondoka, kwamba mapafu yangu hayawezi baridi ya nyumba yao. Ilikuwa huruma yake. Miaka minne mama ananichemshia majani ya mkaratusi kila nikija, na mimi nayanywa.

Sijui kwa nini leo nilipokuwa nayanywa nilitaka kulia.

Jumamosi, 7 Januari 1995

Limefunguliwa banda jingine karibu na reli. Wana mikanda ya karate, spika mbili, na sauti inasikika hadi stesheni. Siku hizi kila mtu anafungua kitu. Kwetu walikaa watu sita, wawili walikuwa wamejikinga mvua tu.

Alhamisi, 12 Januari

Mvua ilianza saa saba na haikukatika. Bati la banda lilipiga kelele hata jenereta halikusikika, mafuta yakaisha, na hakukuwa na mteja. Tukakaa Bashiru na mimi kwenye benchi la mbele tukitazama televisheni iliyozimika. Alinieleza juu ya mama yake aliyekufa Tabora, yeye akiwa kwenye gari moshi anakwenda kwake. Alifika siku mbili baada ya maziko. Alilia bila kuficha uso. Sijawahi kuona mwanamume akilia hivyo.

Kisha akauliza, "Na wewe, Emere? Wanasema kifua kilikutoa utawani. Huna kifua wewe. Unapanda ngazi na gunia la vitambaa."

Nikamwambia. Naandika hapa kwa mara ya kwanza maishani. Kulikuwa na dereva aliyeleta mchanga wakati wa kujenga bweni la wanovisi. Jina lake Patrick. Alipojua nina mimba, mchanga ukaanza kuletwa na dereva mwingine. Mkuu wa shirika hakunipigia kelele. Alinipeleka hospitali moja ya mbali ya Walutheri, ambako hakuna sista wa kunitambua, nikakaa kwenye nyumba ya wajawazito miezi mitatu. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati. Aliishi asubuhi moja. Muuguzi alimwagia maji kichwani kwa jina la Baba na Mwana, ingawa yeye si Mkatoliki, kwa sababu nilimwomba. Hakukuwa na nguo ya kumfunga. Nilikuwa na kilemba cha mama, cha njano chenye maua ya zambarau, alichokivua kichwani mwake akanipa siku naingia utawani. Wakamfunga na hicho. Mama nilimwambia kilipotea kwenye kufua.

Bashiru alisogea karibu nami. Halafu akasema, "Mwenyezi Mungu amempokea." Akanishika mkono kama unavyoshika mkono wa mgonjwa.

Nimerudi nyumbani nimelowa, nimepungua uzito nusu.

Jumapili, 15 Januari

Nimeimba kanisani kwa sauti. Mama mdogo amegeuka kunitazama.

Jumanne, 17 Januari

Naenda nyumbani kumsaidia mama kutia mbolea. Maelezo ya Vera nimemwachia Bashiru yote, ataonyesha mwenyewe.

Jumamosi, 28 Januari

Nimerudi. Niliposhuka nilimkuta Tausi kwenye meza yake ya dagaa, macho mekundu.

"Sista, umerudi! Mkanda wa Vera tumeuona mara tatu. Mara tatu! Jana watu walisimama hadi nje, kule kwenye karate hakuna mtu."

Nilifurahi. Naapa nilifurahi.

"Mie nalia pale anapofukuzwa utawani," akasema.

Nikamuuliza, anayefukuzwa nani.

"Vera. Si alikuwa sista kwanza?" Akanitazama. Tausi si mjinga. Nikaona jambo linapita usoni mwake, taratibu, na nikaona anavyotamani lisingepita. Akashika samaki mmoja, akamrudisha mahali pale pale. "Labda sikusikia vizuri," akasema.

Jumatatu, 30 Januari

Nimekwenda. Nililipa mlangoni kama mteja, nimejitanda khanga hadi machoni, nikakaa nyuma kabisa.

Hadi mguu kuvunjika, maneno yalikuwa yangu. Hata lile la siri kuwa mali alilisema, na wanawake wakaguna. Halafu ikaja hospitali. Dirisha. Theluji. Na Bashiru akateremsha sauti hadi ikawa kama anaongea na mtu mmoja.

"Hapa Vera anakumbuka," akasema. "Kabla ya kucheza alikuwa mtawa, watu wake hawajui. Alimpenda mwanamume mwenye gari. Mwanamume akakimbia. Mtoto wake aliishi asubuhi moja tu, ndugu zangu. Asubuhi moja. Na hakuwa na nguo. Akavua kilemba cha mama yake, cha njano, maua ya zambarau, akasema mfungeni na hiki, ili apate harufu ya bibi yake."

Hayo ya harufu sikuyasema mimi. Aliyatunga. Na ni ya kweli. Ndiyo yaliyoniuma kuliko yote, kwamba alijua hata nisilolisema.

Banda zima lilikuwa linalia. Mwanamke aliyekaa kando yangu alinishika goti, ananifariji bila kunijua. Naandika na hili kwa sababu daftari halitaki uongo: kuna sehemu yangu ilifurahi. Miaka minne hakuna aliyemlilia mtoto yule, na sasa watu mia wanamlilia. Kisha nikatazama mbele, nikamwona Bashiru amegeuza uso kidogo kuangalia watu, anapima wamefika wapi ili ajue aendelee au anyamaze. Nikatoka.

Alhamisi, 2 Februari

Nimemkabili Bashiru. Ramadhani imeanza, banda limefungwa mchana, alikuwa anafagia.

Nilimwambia, "Nilikueleza wewe."

Hakujifanya kutoelewa. Aliweka ufagio chini. "Sikutaja jina, Emere."

"Sokoni wananiita Sista! Ulitaka utaje jina gani tena?"

"Mjomba alishasema anafunga banda, ananirudisha Tabora. Watu sita, Emere. Ile siku ya kwanza niliyosema, haikuwa nimepanga. Kilifika kile kimya kirefu, wanainuka kutoka, na kinywa changu kikafunguka chenyewe. Wakakaa."

"Na siku ya pili? Nayo kilifunguka chenyewe?"

Aligeuka akatema mate nje, kwa sababu ya saumu.

"Naacha," akasema. "Nimefunga, sisemi uongo na swaumu yangu. Vera nitamwacha kama alivyo."

Nimemwamini. Nilimwona mtu yule akimlilia mama yake.

Jumatano, 8 Februari

Mama mdogo hanisemi. Anajua. Ameanza kuniwekea nyama kubwa kwenye sahani.

Jumatatu, 13 Februari

Mvua. Matope. Wateja wawili wamechukua nguo zao kabla hazijaisha.

Jumapili, 19 Februari

Mvua.

Jumatano, 1 Machi, Jumatano ya Majivu

Padri amenipaka majivu. Tausi alinisubiri nje ya geti, yeye ni Mwislamu na amefunga, akanipa mfuko wa dagaa kisha akaondoka haraka kabla sijashukuru.

Jumamosi, 4 Machi

Idi ilikuwa jana. Bashiru ametuma pilau kwenye bakuli la maua. Mama mdogo alitaka kulirudisha. Nikasema hapana, ameshika ahadi mwezi mzima. Nimekula.

Jumamosi, 11 Machi

Utingo wa lori la Mzee Seleman alikuja kushonewa mfuko wa suruali. Ananiambia kama habari njema: banda halifunguliwi tena Makambako. Televisheni, deki na jenereta vimepakiwa tangu Alhamisi. Mzee amekodi ukumbi Njombe, jirani na soko, na mkanda ni ule wa Vera. Wamebandika na karatasi hadi misheni.

"Karatasi inasemaje?" nikamuuliza.

"FILAMU YA MTAWA ALIYETUBU. Kwa Kwaresima, Sista. Akina mama wa kanisa wamechukua mabenchi mazima ya kesho."

Sindano iliingia kwenye kidole na sikuisikia hadi nilipoona kitambaa.

Jumatatu, 13 Machi, nyumbani

Naandika ya jana.

Sikupata gari hadi saa sita, barabara ilikuwa uji. Nilifika Njombe mkanda umeanza. Nilipanga kuingia na kuchomoa waya wa umeme. Nilikuwa nimeshafika katikati ya ukumbi, mkono umenyooshwa, nilipomwona mama.

Alikaa benchi la tatu, amevaa sare ya akina mama wa parokia, mikono mapajani, kama anavyokaa kwenye mahubiri. Kulia kwake mke wa katekista, kushoto jirani yetu Emerensiana mkubwa, ambaye mimi nilipewa jina lake. Kama ningechomoa waya, wote wangegeuka. Wangeniona, na wasiojua wangejua. Na kama nisingechomoa, mama angesikia. Nilisimama pale. Nimekuwa nikijiuliza tangu jana nilisimama muda gani. Nadhani ilikuwa muda wa kusema Salamu Maria moja, na sikuisema.

Bashiru aliniona. Naapa kwa daftari hili aliniona. Kipaza sauti kilikuwa mdomoni. Ilifika hospitali, dirisha, theluji, watu mia mbili wanamngoja. Alinitazama mimi, akawatazama wao. Kisha akafumba macho, akateremsha sauti.

"Hapa Vera anakumbuka."

Niliangalia mgongo wa mama. Kwenye utawa, haukutikisika. Kwenye gari, haukutikisika. Alipofika kwenye kilemba, njano, maua ya zambarau, mkono wa mama uliinuka ukagusa kichwa chake mwenyewe, pale kilemba kinapofungwa. Ulikaa hapo. Mke wa katekista alikuwa anajifuta machozi na kumgusa mama begani, aone jinsi mkanda unavyosikitisha.

Mama akainuka. Akapita mbele ya magoti ya watu akisema samahani, samahani. Alipogeuka akaniona. Hakusimama. Akanipita akatoka, nami nikamfuata.

Nje kulikuwa na rundo la mbao lililofunikwa turubai, na mvua nyembamba ya Njombe isiyo na haraka. Mama alisimama pale.

"Ulisema kilipotea kwenye kufua," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na kifua?"

"Sina kifua, mama."

Alikubali kwa kichwa kama mtu anayepokea chenji. Ndani watu walikuwa wanaguna kwa pamoja. Halafu akaniuliza:

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Wa kiume."

Tukatembea hadi nyumbani. Saa nzima ya matope nilimsimulia yote, Bashiru, Makambako, Tausi na wauza nyanya. Alipofika alivua viatu, akawasha moto, akaweka maji, akachuma yale majani ya mkaratusi kwa mazoea, akayatazama mkononi, akayatupa motoni. Hapo ndipo alipopiga kelele. Sikuwahi kumsikia mama yangu akipiga kelele, hata baba alipokufa.

"Kijana wa video! Emerensiana! Umemwambia kijana wa video kabla yangu!"

Nilipiga magoti.

"Inuka, sitaki magoti! Tausi sijui nani huko Makambako amemlilia mjukuu wangu. Wauza nyanya wamemlilia. Mke wa katekista amemlilia leo, ananigusa begani. Mji mzima umemlilia mjukuu wangu, na mimi mwenyewe sijamlilia. Miaka minne nakuchemshia majani!"

Nilisema niliogopa. Nilisema sikutaka kumuumiza. Maneno yalikuwa mepesi, nilikuwa nayasikia mwenyewe jinsi yalivyo mepesi. Bashiru nilimchukia jana, na ninamchukia leo ninapoandika, lakini alikuwa na miezi miwili tu ya kunisaliti. Mimi mama nimemfanyia hivyo miaka minne, kikombe kwa kikombe.

Jumanne, 14 Machi

Mama hataki chakula.

Alhamisi, 16 Machi

Asubuhi, akiwa amenipa kisogo, anapembua maharage: "Aliitwaje?"

"Sikumpa jina. Muuguzi aliniuliza, nikashindwa."

Akapembua. "Baba yako aliitwa Xaveri," akasema. "Basi na yeye."

Jumapili, 19 Machi

Habari zimeenea. Kanisani walitupisha njia. Baadhi kwa wema, baadhi la. Mama alikaa benchi lake lile lile. Mke wa katekista alikuja kusema pole, hakuwa amejua. Mama akamjibu, "Hata mimi."

Jumatatu, 27 Machi, Makambako

Nimerudi kuchukua cherehani. Bashiru alikuja barazani, amesimama kwenye matope nje ya ngazi, kofia mkononi. Mama mdogo Judith aliacha kupima kitenge akashika mkasi, sijui wa nini.

"Emere, nimekuja kuomba msamaha."

"Uliniona," nikamwambia. "Njombe. Uliniona nimesimama."

"Nilikuona."

"Na mama yangu ulimjua?"

"Mama yako sikumjua. Wallahi sikumjua." Akakunja kofia. "Ila ningemjua pia, sijui. Nikikaa kwenye kile kiti, Emere, wakiwa kimya wananingoja... sijui mimi ni mtu gani."

Hilo nadhani ni jambo la kweli kuliko yote aliyowahi kuniambia. Nilingoja nione kama litanitosha.

"Mkanda uko wapi?"

Akatazama chini. "Mjomba anaupeleka Mafinga. Keshokutwa tunaondoka."

"Na wewe unakwenda kutafsiri."

"Ndiyo kazi yangu."

"Na Vera atakuwa mtawa."

Aliendelea kusimama, na mvua ikaanza, na sikumwambia apande barazani. Alipoondoka, mama mdogo aliuliza kama nimemsamehe. Nilimwambia hapana. Aliuliza kama nitamsamehe. Nilimwambia anipe uzi mweupe.

Jumamosi, 8 Aprili, nyumbani

Mahindi yamekomaa ya kuchoma. Tausi amepita akienda kwa ndugu zake, akatuambia Mafinga watu wanajaa.

Jumanne, 18 Aprili

Pasaka imepita. Jana mama aliniamsha akiwa ameshavaa, amebeba jembe dogo.

"Twende ukanionyeshe," akasema.

Tulipanda magari mawili. Hospitali ile haijabadilika, ila wamepaka rangi. Yule muuguzi alihamishwa siku nyingi. Tulimpata mzee Polikarpo, anayetunza makaburi, akatupeleka nyuma ya mikaratusi, mahali pa watoto. Misalaba ilikuwa ya vijiti, akasema, na mvua za miaka hii zimeichukua. Magugu yalifika kiunoni. Chini yake kuna vituta vidogo vidogo, vimepangwa, vingine vimeshuka kabisa. Nilihesabu kumi na tisa.

"Ni lipi?" mama akaniuliza.

Nilitembea huku na huku. Nilikumbuka kwamba kulikuwa na jua, na kwamba nilikuwa nimeegemea mtu. Basi. Nilirudi nilipoanzia.

"Mama, sijui."

Nilidhani atapiga kelele tena. Aliangalia eneo lote, kutoka ukingo hadi ukingo, kama anavyoangalia shamba asubuhi kabla hajaamua aanzie wapi. Akafunga kitenge kiunoni. Akaniambia nishike upande wa kule, nisichimbe sana.

Tulipalilia yote.